Kilichoandikwa na Kinachoendeshwa: Kusimamia TCP/IP kwenye Kompyuta Kuu ya z/OS

Ukifungua faili la mipangilio ya TCP/IP kwenye kompyuta kuu ya z/OS, mfumo endeshi wa IBM, unasoma kile ambacho mtu alitaka kiwe siku mfumo ulipowashwa. Kinachotumika dakika hii kinaweza kuwa kingine. Mashine hizi hukaa miezi bila kuzimwa, na katika muda huo wote opereta anaweza kuongeza njia kwa amri, anwani inaweza kuhamia mfumo mwingine yenyewe, na sera ya usalama inaweza kusomwa upya bila mtu kugusa faili kuu.

Kwa hiyo kazi ya msimamizi ina pande tatu: maandishi, hali halisi ndani ya kumbukumbu ya mashine, na kile kinachopita kwenye waya hadi upande wa pili. Matatizo mengi ya mtandao kwenye z/OS hutokea pale pande hizi zinapoacha kukubaliana. Nimeandika makala haya kwa ajili ya wanaoingia kwenye kazi hii wakitokea Linux au kwenye vifaa vya mtandao, kwa sababu wanaijua TCP/IP vizuri na bado hupotea humu.

VTAM iko chini ya kila kitu

Mwaka 1974 IBM ilitangaza SNA, mfumo wake wa mawasiliano, na VTAM ndiyo programu iliyoubeba kwenye kompyuta kuu. TCP/IP iliingia baadaye. Leo zote mbili zimo ndani ya bidhaa moja, Communications Server, na hata mahali ambapo hakuna tena programu ya SNA, VTAM lazima iwe hai. Sababu ni kwamba staki ya TCP/IP, yaani programu inayoiendesha TCP/IP ndani ya mashine, haizungumzi na kadi ya mtandao moja kwa moja, bali hupitia VTAM kusoma na kuandika.

Kadi yenyewe kwa kawaida ni OSA-Express. Kwenye usanidi wa maunzi hutambulishwa kama chaneli ya aina ya OSD, na staki huitumia kwa mtindo unaoitwa QDIO. Inahitaji angalau anwani tatu za kifaa: moja ya kusoma, moja ya kuandika, na moja ya data. Ya kusoma lazima iwe namba shufwa, na ya kuandika iwe ile inayofuata. Anwani hizo huandikwa ndani ya VTAM katika kipengele kinachoitwa TRLE, pamoja na jina la mlango wa kadi, PORTNAME. Kisha upande wa TCP/IP unaandika kiolesura chako na kulitaja jina hilohilo.

Hapo ndipo wengi hukwama mapema. Herufi moja ikitofautiana kati ya PORTNAME ya TRLE na ile ya TCP/IP, kiolesura hakiamki. Faili la TCP/IP ukilisoma peke yake halina kosa, na la VTAM vilevile, kwa kuwa kosa liko kwenye kutokulingana kwao. Amri ya `D NET,TRL` huonyesha TRLE zipi ziko hai. Kiolesura kikigoma, naanzia huko kabla sijagusa chochote upande wa TCP/IP.

Mafaili mawili yanayochanganywa

La kwanza ni PROFILE.TCPIP. Hili husomwa na staki yenyewe inapoanza, na humo mna violesura, njia, milango iliyotengwa, ukubwa wa bafa (nafasi ya kushikilia data kwa muda) na mengineyo. La pili ni TCPIP.DATA. Hili husomwa na programu zinazotaka kuitumia staki: linawaambia jina la staki, jina la mashine, na seva za DNS za kuulizia majina. Ukibadilisha seva ya DNS ndani ya PROFILE hutapata kitu, kwa sababu haikai humo.

Ugumu wa TCPIP.DATA ni kwamba huweza kupatikana mahali pengi, na mfumo hutafuta kwa mpangilio maalumu. Programu ya upande wa UNIX inaweza kuangukia `/etc/resolv.conf`, nyingine ikatumia dataseti (jina la faili kwenye z/OS) iliyotajwa kwenye SYSTCPD ndani ya JCL yake, yaani maagizo ya kuianzisha, nyingine ikachukua ile ya mfumo mzima. Programu mbili kwenye mashine moja zinaweza kuuliza jina lilelile na kupata majibu tofauti. Dawa ni kauli ya GLOBALTCPIPDATA kwenye usanidi wa kitatuzi cha majina: inatangulia nyingine zote, na kilichoandikwa humo hakiwezi kupinduliwa na mtumiaji mmoja mmoja. Kwa maoni yangu mfumo wowote wa uzalishaji unapaswa kuwa nayo.

Kuna faili la tatu ambalo halihesabiwi kama la mtandao ingawa linaubana: BPXPRMxx, la z/OS UNIX. Humo mna MAXSOCKETS, kikomo cha soketi, ncha za mawasiliano za programu, zinazoweza kufunguliwa. Kikifikiwa, programu mpya zitanyimwa soketi huku staki ya TCP/IP ikionekana na afya tele.

PROFILE na mtego wa OBEYFILE

Kipande cha PROFILE cha kawaida huonekana hivi:

```
INTERFACE OSA1
  DEFINE IPAQENET
  PORTNAME OSAP1
  IPADDR 192.0.2.10/24
  MTU 1492

BEGINROUTES
  ROUTE 192.0.2.0/24 = OSA1 MTU 1492
  ROUTE DEFAULT 192.0.2.1 OSA1 MTU 1492
ENDROUTES

START OSA1
```

Mifumo ya zamani huandika jambo hilohilo kwa kauli tatu zilizotawanyika: DEVICE, LINK na HOME. Zinafanya kazi, ila INTERFACE huweka kila kitu cha kiolesura kimoja mahali pamoja, na ukipata nafasi ya kuhama, hama.

Staki ikishaanza, njia ya kubadilisha mipangilio bila kuizima ni amri ya `VARY TCPIP,,OBEYFILE`, inayoielekeza isome dataseti nyingine yenye kauli za aina ileile. Ni amri yenye nguvu kubwa, na inahitaji kueleweka vizuri kuliko zote. Kauli zake hazina tabia moja. Baadhi huongeza juu ya zilizopo. Baadhi hubadilisha kigezo kimoja tu na kuviacha vingine, kama TCPCONFIG. Na baadhi hufuta orodha nzima ya awali na kuweka mpya.

BEGINROUTES ni ya kundi hili la mwisho. Tuseme una njia arobaini zilizoandikwa kwa mkono, na umetumwa kuongeza moja. Ukiandika dataseti yenye BEGINROUTES, ile njia moja, na ENDROUTES, kisha ukaitekeleza, staki itabaki na njia hiyo moja. Zile arobaini zimeondoka, pamoja na ile ya DEFAULT, na huenda hata muunganisho wako mwenyewe umekatika ukiwa bado hujasoma jibu la amri. Orodha ya HOME ina tabia hiyohiyo. Kwa kauli za namna hii lazima uandike orodha kamili kila mara, hata kama unabadilisha mstari mmoja.

INTERFACE nayo ina masharti yake. Huwezi kubadilisha vigezo vya kiolesura kwa kukiandika upya tu. Unakisimamisha kwanza kwa `VARY TCPIP,,STOP`, unakifuta kwa OBEYFILE yenye INTERFACE na neno DELETE, unakiandika upya kwa OBEYFILE ya pili, kisha unakianzisha. Ni hatua nne, na katikati yake kiolesura hakipo, kwa hiyo panga muda wa kazi hiyo na uhakikishe una mlango mwingine wa kuingilia, kama konsoli.

Kosa la tahajia katikati ya dataseti halirudishi mambo nyuma. Kauli yenye kosa inakataliwa kwa ujumbe unaoanza na EZZ, zilizo sahihi zinatekelezwa, na unabaki na mabadiliko nusu. Ndiyo maana kuna `VARY TCPIP,,SYNTAXCHECK`, inayosoma dataseti na kutaja makosa bila kutekeleza chochote. Itumie kila mara, lakini fahamu mipaka yake: inakagua uandishi tu. BEGINROUTES yenye njia moja itapita bila neno.

Kuhusu nani aruhusiwe, RACF, programu ya usalama ya z/OS, hulinda amri hii kupitia wasifu wa MVS.VARY.TCPIP.OBEYFILE kwenye darasa la OPERCMDS. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuukata mtandao wa mfumo mzima kwa mstari mmoja. Orodha yao iwe fupi.

Halafu linakuja suala la kudumu. Kilichofanywa kwa OBEYFILE hupotea staki ikianza upya. Mtu anaongeza njia saa nane za usiku ili kuokoa kazi, inafanya kazi, analala. Miezi kadhaa baadaye mfumo unawashwa upya kwa matengenezo na huduma moja haifiki popote, na aliyeiongeza njia hiyo yuko likizo. Njia bora ninayoijua ya kuzuia hili ni kuigawa PROFILE kwa kauli ya INCLUDE. Weka njia zote katika memba moja (faili dogo ndani ya dataseti), milango katika nyingine, na PROFILE kuu izivute kwa INCLUDE. Unapotaka kubadilisha njia, hariri memba ileile ya njia, kisha itekeleze hiyohiyo kwa OBEYFILE. Orodha itakuwa kamili siku zote, kwa hiyo mtego wa BEGINROUTES unaondoka. Na kwa kuwa ndiyo memba itakayosomwa mfumo ukianza, mabadiliko yako tayari ni ya kudumu.

Kuitazama staki inavyoenda

Chombo kikuu ni NETSTAT. Unaweza kuiita kutoka TSO (mazingira ya amri ya z/OS), kutoka UNIX kama `netstat` au `onetstat`, au kwenye konsoli kwa `D TCPIP,,NETSTAT` ikifuatiwa na ripoti unayoitaka. CONFIG huonyesha vigezo vinavyotumika sasa, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na PROFILE. HOME huorodhesha anwani, ROUTE njia, DEVLINKS hali ya violesura, PORTLIST milango iliyotengwa.

Ripoti ya miunganisho inastahili kusomwa polepole, hasa safu ya hali. Muunganisho uliokaa SynSent unasema tumebisha na hakuna aliyejibu: tafuta ngome ya mtandao au njia ya kurudi. CloseWait inasema upande wa pili umeshafunga na programu yetu haijafunga. Ukiona CloseWait kumi zikawa mia, zikawa elfu, mtandao hauna hatia. Kuna programu isiyofunga soketi zake, na hakuna kigezo cha PROFILE kitakachoitibu. Ni vizuri kulijua hili, kwa sababu watu wa mtandao hulaumiwa mara nyingi kwa jambo hilo na huhangaika kubadilisha mipangilio isiyohusika.

Ukihitaji undani wa muunganisho mmoja, ripoti ya ALL inaonyesha ukubwa wa dirisha (kiasi cha data ambacho mpokeaji yuko tayari kupokea), baiti zilizosubiri kwenye foleni ya kutuma na ya kupokea, na idadi ya pakiti zilizotumwa tena. Foleni ya kupokea ikiwa imejaa, programu ya upande wetu haisomi kwa kasi inayotakiwa. Foleni ya kutuma ikiwa imejaa huku dirisha la mwenzetu likiwa sifuri, yeye ndiye hasomi. Foleni ya kutuma imejaa na pakiti zinarudiwa? Hapo ndipo mtandao unastahili kuchunguzwa.

Dirisha linaleta hesabu moja ambayo kila msimamizi anapaswa kuifanya. Bila upanuzi wa dirisha, TCP haiwezi kuwa na zaidi ya baiti 65,535 zilizotumwa ambazo hazijathibitishwa. Kama pakiti huchukua milisekunde 100 kwenda na kurudi, basi kwa sekunde moja unaweza kutuma mara kumi tu ya kiasi hicho, yaani takriban baiti 655,000, sawa na megabiti 5 na kitu. Hata laini ikiwa ya gigabiti 10, muunganisho huo mmoja hautavuka hapo. Kuongeza uwezo wa laini hakusaidii. Kinachosaidia ni bafa kubwa zaidi ya kupokea, kupitia TCPRCVBUFRSIZE, au programu yenyewe kuomba kubwa zaidi hadi kikomo cha TCPMAXRCVBUFRSIZE. Seva ya FTP ya z/OS hupenda bafa ya 180K, na Health Checker ya mfumo ina ukaguzi unaolalamika kikomo hicho kikiwa chini ya hapo. Usikimbilie kupandisha bafa ya kila mtu, lakini. Mfumo wenye makumi ya maelfu ya miunganisho midogo hauna haja nayo, na kumbukumbu ina gharama.

Kigezo kingine ni muda wa kupima kama upande wa pili bado upo. Usipobadilisha INTERVAL kwenye TCPCONFIG, ni dakika 120. Ngome nyingi za mtandao husahau muunganisho ulio kimya muda mfupi kuliko huo, na hapo watumiaji wa TN3270, skrini za kompyuta kuu kupitia mtandao, hurudi kutoka mapumzikoni wakakuta skrini imeganda. Seva ya TN3270 ina vigezo vyake vya kupima uhai, na kwa tatizo hilo ni afadhali kurekebisha huko kuliko kuigusa staki nzima.

Takwimu za STATS ni jumla tangu staki ilipoanza. Pakiti milioni moja zilizorudiwa si habari mbaya wala nzuri hadi ujue ni za muda gani. Chukua vipimo viwili na utoe kimoja kutoka kwa kingine. Kwa historia ya kweli, washa rekodi za SMF, kumbukumbu za shughuli za mfumo, aina ya 119 kupitia SMFCONFIG. Aina ndogo ya 2 huandikwa kila muunganisho wa TCP unapofungwa, ikiwa na baiti zilizopita na marudio yake. Aina ndogo ya 5 hutoa takwimu za staki kwa vipindi. Lalamiko la "jana mchana ilikuwa nzito" halijibiwi na NETSTAT ya leo asubuhi. Rekodi hizi hulijibu.

Faili linaloganda

Kuna dalili moja ambayo ukiijua utaokoa saa nyingi: mtumiaji anaingia vizuri, ping inajibu, amri ndogo zinafanya kazi, lakini faili kubwa likianza kuhamishwa linaganda. Karibu kila mara ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti.

OSA huweza kubeba pakiti za baiti 1492 au, kwa fremu kubwa, hadi 8992. HiperSockets, mtandao wa ndani ya mashine unaounganisha mifumo kupitia kumbukumbu, huruhusu MTU ya 8K, 16K, 32K au 56K kulingana na ulivyosanidi chaneli yake. Mashine ikituma pakiti ya 8992 na mahali fulani njiani kuna kiungo cha 1500, ruta ya hapo inapaswa kurudisha ujumbe wa ICMP kusema pakiti ni kubwa mno. Kauli ya PATHMTUDISCOVERY kwenye IPCONFIG hutegemea ujumbe huo. Lakini kuna ngome zinazozuia ICMP yote kwa jina la usalama, na hapo pakiti kubwa humezwa kimya kimya huku ndogo zikipita. Thibitisha kwa ping yenye urefu mkubwa, ukiongeza urefu hatua kwa hatua hadi majibu yakatike.

Ushahidi wa mwisho ni kunasa pakiti zenyewe. Kwenye z/OS unatumia `VARY TCPIP,,PKTTRACE` ukichuja kwa anwani ya IP na namba ya mlango, pamoja na amri ya TRACE CT kwa kijenzi cha SYSTCPDA. Chuja kweli, kwani kwenye mfumo wenye shughuli nyingi kunasa kila kitu hujaza nafasi haraka na kile ulichokihitaji hufutwa. Matokeo husomwa kwa IPCS, chombo cha uchambuzi cha z/OS, na yanaweza kubadilishwa yasomeke na Wireshark, jambo linalorahisisha kumwonyesha mwenzako wa upande wa ruta kitu anachokitambua.

Anwani zinazohama na sera zilizo nje

Ripoti ya HOME inaweza kuonyesha anwani ambayo haimo kwenye PROFILE ya mfumo huo kama anwani yake. Hiyo huenda ni VIPA ya dinamiki, anwani isiyofungwa kwenye kadi moja. Katika sysplex, kundi la mifumo ya z/OS inayofanya kazi pamoja, mfumo mmoja hutangaza VIPADEFINE na mwingine VIPABACKUP kwa anwani ileile. Wa kwanza akianguka, wa pili huichukua. Kusoma PROFILE ya mfumo mmoja peke yake hapa ni kusoma nusu ya habari. Amri ya `D TCPIP,,SYSPLEX,VIPADYN` hueleza anwani ipo wapi sasa na nani anangoja. Uamuzi wa kufanya mapema ni namna anwani inavyorudi mfumo wa kwanza ukiamka: MOVEABLE IMMEDIATE huirudisha papo hapo, WHENIDLE hungoja miunganisho ya kule ilikohamia iishe.

Usimbaji fiche nao uko nje ya PROFILE. Neno TTLS kwenye TCPCONFIG huruhusu tu AT-TLS, yaani TLS inayofanywa na staki kwa niaba ya programu. Sheria zenyewe, nani asimbe, kwa toleo gani la TLS na cheti kipi, ziko kwenye mafaili ya Policy Agent, wakala anayeipa staki sera zake. Amri ya `pasearch` huonyesha sera ambazo wakala huyo amezipakia. Ukibadilisha sera na kumwambia asome upya, miunganisho mipya hufuata sheria mpya na ile iliyokuwa wazi huendelea na ya zamani, kwa hiyo muunganisho wa kudumu kati ya seva mbili unaweza kukaa na sheria iliyofutwa hadi ufungwe.

Kwa swali la ni nini hasa kinachosimbwa, z/OS V2R3 ya mwaka 2017 ilileta zERT, inayowashwa kwa GLOBALCONFIG. Huchunguza miunganisho ya TCP na kuandika sifa zake za usimbaji kwenye SMF 119: aina ndogo ya 11 kwa undani wa kila muunganisho, ya 12 kwa muhtasari. Anza na muhtasari, kwa sababu undani hutoa rekodi nyingi sana. Mtu anayepanga kufunga TLS 1.0 apate kwanza majuma kadhaa ya rekodi hizo, yakiwa na siku za mwisho wa mwezi ndani yake, kwani kuna kazi zinazoamka siku hizo tu. Humo ataona anwani zipi bado zinaingia kwa toleo hilo, azitafute moja moja wenye nazo, na afunge baada ya rekodi kuonyesha zimehama.